Uzoefu wangu: Kadi ya Octopus na wajukuu watatu Hong Kong

Kila ninapoletewa wageni kutoka Dar es Salaam, swali la kwanza kwenye simu huwa ni bei ya Disneyland. Ninawajibu kwamba Disneyland haihami, kwanza kila mtu apate kadi yake ya Octopus. Desemba hii shule zilipofungwa alikuja binti yangu na mumewe na watoto watatu: mkubwa yuko darasa la nne, wa kati ndiyo kwanza ameanza la kwanza, mdogo bado anabebwa mgongoni kwa kanga. Mimi ninaishi Kowloon, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Hong Kong, mtaa wa Tsim Sha Tsui, ambako mume wangu anafanya biashara ya simu, na kadi hiyo ninayo kwenye mkoba mwaka mzima. Lakini kuitumia ukienda sokoni peke yako ni jambo moja, na kuitumia huku umeshika mikono miwili inayovutana huku na huku ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ndilo ninalotaka kulisimulia.

Kwa asiyeijua: ni kadi ya plastiki unayoijaza fedha. Ukifika getini unaigusisha kwenye mashine, inalia, unapita. Ilianza Septemba 1997, miezi miwili baada ya Uingereza kuirudisha Hong Kong kwa China, na sasa inalipia treni, mabasi, tramu, vivuko, maduka, hata mashine za kuuzia soda. Wanaolipia kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam, kwa kadi ya N-Card watanielewa haraka. Ya mtu mzima, ile ya kuazima ambayo unairudisha ukimaliza, unaitoa kwa dola 150 za Hong Kong: 100 ni salio lako, 50 ni amana. Ya mtoto wa miaka 3 hadi 11 ni dola 70, yaani salio la 20 na amana ileile. (Dola zote ninazotaja ni za huku. Dola 1 ya Marekani ni kama 7.8.) Aliye chini ya miaka 3 hapandi kwa kadi, anapanda bure. Kuongeza salio ni pale kituoni au duka lolote la 7-Eleven, na maduka hayo hapa yako kila kona.

Mkwe wangu, mtu wa hesabu, alitaka kununua kadi moja ya baba na kuwapitisha wote. Haiwezekani. Geti linataka kadi moja kwa kichwa kimoja, maana linakumbuka umeingilia kituo gani ili likukate nauli ukitoka. Na kusema kweli ni afadhali hivyo. Mtoto aliyepewa kadi yake mwenyewe, akaivaa shingoni kwa kamba, hapotei ovyo: anasubiri zamu yake ya kugusisha. Wajukuu waliibatiza pweza siku ileile, maana ndiyo Octopus kwa Kiingereza, na mchana kutwa ilikuwa "Bibi, pweza wangu amebakiwa na ngapi?" Mashine inaonyesha salio kila unapogusa, kwa hiyo huyo wa darasa la nne alifanya mazoezi ya kutoa zaidi ya yale ya likizo aliyopewa na mwalimu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kabla hawajafika, binti yangu alikuwa ameshalipia mtandaoni gari la watalii, safari ya nusu siku na mwongozaji. Kampuni siitaji. Tulipitishwa haraka haraka mbele ya majengo, tukashushwa dakika chache tupige picha, kisha tukafungiwa muda mrefu kwenye duka la vito ambalo hakuna kati yetu aliyeomba kupelekwa. Watoto walilala garini. Kesho yake niliwachukua mwenyewe na kadi zao, na hakuna aliyesinzia.

Tulianza na tramu. Tramu za kisiwa cha Hong Kong zinatembea tangu 1904, ni za ghorofa mbili, nyembamba, na wenyeji wanaziita ding ding kwa sababu ya kengele. Unapandia mlango wa nyuma, unalipia mbele unaposhuka, na nauli ni moja hata ukienda mwanzo wa njia hadi mwisho: dola 3 na senti kidogo kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto. Ninachowashauri wenye watoto ni kupandia mwanzo wa njia, Kennedy Town au Shau Kei Wan, ili wapate viti vya mbele kabisa ghorofani. Ukipandia Central, kitovu cha ofisi, saa za watu kutoka kazini, hutaona kitu isipokuwa migongo. Madirisha yanafunguka, Desemba upepo ni mzuri, na dereva anaendesha polepole kiasi kwamba mtoto anaweza kusoma namba za milango na kuona mtu anayekunywa supu dirishani.

Na mkipata inayoishia North Point, msishuke kabla. Pale mwishoni tramu inaingia mtaa wa Chun Yeung, ambao ni soko: samaki, mboga, nyama zinaning'inia, watu wamejaa mpaka kwenye reli. Kengele inapigwa, watu wanasogea hatua moja bila hata kugeuza shingo, tramu ikipita wanarudi palepale. Ni kama treni ingepita katikati ya Kariakoo na muuza nyanya asiinue kichwa. Mjukuu wangu wa kati alipiga kelele za furaha hadi mzee mmoja wa Kichina akaanza kucheka naye. Kwa nauli ile, sijui utanunua nini kingine mjini humu.

Kinachofuata ni kivuko cha Star Ferry, kutoka Central kurudi Tsim Sha Tsui. Upande wa juu siku za kazi watu wazima tulilipa dola 5, chini ni nafuu zaidi, na mwisho wa wiki inapanda kidogo. Waliotimiza miaka 65 wanavuka bure. Safari haifiki dakika kumi. Binti yangu alipoona watu wanashuka na wengine wanapanda bila kusukumana aliguna, maana anavuka Kigamboni kila asubuhi. Mabenchi ya mbao yana egemeo linalogeuka: chombo hakigeuki, abiria ndio wanaogeuza egemeo watazame mbele. Watoto waliyageuza mpaka baharia akaja kusimama karibu yetu, hakusema kitu, tukaelewa. Chombo hiki kina asili inayotuhusu kidogo. Aliyeanzisha kampuni yake karne ya 19 alikuwa Mparsi, yaani Mhindi wa dini ya Zoroaster, Dorabjee Naorojee Mithaiwala, wa jamii ileile ya Waparsi waliofanya biashara na kazi za ofisini Unguja. Bahari ya Hindi haikuishia Bombay.

Watu watawaambia msikose maonyesho ya taa za majengo saa mbili usiku. Ni ya bure, nendeni, ila kwa maoni yangu yanasifiwa kupita kiasi, na ukingo wa Tsim Sha Tsui unajaa hadi mtoto mfupi haoni bahari. Sisi tulipanda kivuko muda huohuo, tukayaona kutoka majini, tumekaa.

Siku ya Ijumaa niliwapandisha ngazi za umeme za Central kwenda Mid-Levels. Hizi ni za bure, zimekuwepo tangu 1993, na zikiunganishwa zote zina zaidi ya mita 800, zinapanda mlima katikati ya maduka na nyumba za watu. Asubuhi zinateremka kuwapeleka watu kazini, kuanzia saa nne zinapanda, kwa hiyo mwenye watoto aende baada ya saa nne na kurudi chini kwa miguu. Njiani, kando kabisa ya ngazi, uko Msikiti wa Jamia, mkongwe kuliko yote ya Hong Kong, jengo la sasa ni la 1915, la rangi ya kijani hafifu. Ukiingia geti lake kelele za mji zinakatika. Mkwe wangu na mjukuu mkubwa walisali Ijumaa pale, sisi wanawake tukapumzika kivulini na mdogo.

Chakula ndicho kinachowatisha Waislamu wengi wanaokuja huku na watoto. Jibu langu ni moja: mtaa wa Wan Chai kule kisiwani, msikiti wa Ammar, ghorofa ya tano. Kuna kantini ya kituo cha Kiislamu inayopika dim sum halali mchana, vile vitumbua vya mvuke vya kamba na kuku, pamoja na wali na tambi. Si mkahawa wa kifahari: meza za kawaida, watu wengi, mhudumu hana muda wa kukubembeleza. Nendeni kabla ya saa sita na nusu au msimame. Wajukuu walikula vijiti vikiwashinda, wakamalizia kwa mikono, na hakuna aliyewatazama vibaya.

Na Peak, ule mlima unaotazama mji? Ile tramu ya mlimani ya tangu 1888 kila mtu anaitaka, na foleni yake mwisho wa wiki na sikukuu ni ya kuchosha mtu mzima, achilia mbali mtoto. Panda basi namba 15 kutoka Central, ghorofani, upande wa kulia au kushoto haijalishi, kona zinawapa pande zote zamu ya kuona. Ni nauli ya basi tu, kadi ileile. Gari la waya la Ngong Ping, lenye urefu wa kilomita 5.7, ndilo pekee la bei kubwa ambalo ningelipia tena kwa wajukuu. Dakika kama 25 hewani, chini bahari na milima, kisha ngazi 268 hadi kwenye Buddha mkubwa. Angalieni hali ya hewa kwanza, upepo ukizidi wanafunga.

Upande wetu wa Kowloon sikuhitaji hata kupanga. Mtaa wa Tung Choi kule Mong Kok wanauza samaki wa mapambo, wametundikwa ukutani ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji, mamia kwa mamia. Kowloon Park iko nyuma tu ya msikiti mkubwa wa Nathan Road, na ina bwawa la heroe. Wa kati alitaka kujua kama wameletwa kutoka Ziwa Manyara. Na jioni moja Babu yao aliwapeleka Chungking Mansions, lile jengo la 1961 lenye ghorofa 17 ambamo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakinunulia simu miaka na miaka. Lifti zake ni ndogo, moja ya ghorofa witiri, nyingine ya shufwa, na foleni haiishi. Humo ndani mtoto alisalimiwa "shikamoo Babu yako umempa?" na kijana wa Kariakoo asiyemjua kabisa.

Sasa kasoro, maana kadi hii si dawa ya kila kitu. Teksi nyingi kwa miaka mingi zilizoea fedha taslimu, na basi dogo jekundu pia uwe na chenji mkononi. Vibanda vya sokoni hali kadhalika. Ukirudisha kadi kabla ya siku 90 wanakukata dola 11, kwa hiyo kwa familia ya watu wanne hiyo ni nauli ya tramu siku nzima. Kadi inaruhusu kudaiwa kidogo mara moja salio likikaribia kwisha, jambo ambalo linasaidia ukiwa katikati ya safari, ila deni hilo linakatwa mara tu unapojaza, msishangae. Sisi wakazi wa miaka 60 na zaidi tuna kadi yetu yenye nauli nafuu, hiyo mgeni hapewi hata awe na mvi zote.

Treni zenyewe sina la kulalamika kwa ajili ya watoto. Vituo vingi vina milango ya vioo ukingoni mwa jukwaa, mtoto hawezi kuangukia relini. Lakini kula na kunywa ndani ya geti ni marufuku na kuna faini, kwa hiyo biskuti za mdogo zimalizwe nje. Umbali wa kutembea chini ya ardhi pia usidharauliwe: kutoka Tsim Sha Tsui hadi East Tsim Sha Tsui kwa njia za chini ni mwendo hasa, na kila mlango wa kutokea una herufi yake. Ukitokea herufi isiyo yako unaibukia mtaa mwingine kabisa. Mtoto akiwa na gari la kusukuma, tafuteni alama ya lifti mapema. Binti yangu aliliacha nyumbani siku ya pili akarudi kwenye kanga, akapita kila mahali, na akina mama wa Kichina walimsimamisha mara kwa mara kumgusa mtoto miguu.

Wakati wa kuondoka, watu wengi wanakimbilia treni ya uwanja wa ndege. Ina kasi, kama dakika 24 tu kutoka kituo cha Hong Kong, lakini familia nzima ikihesabiwa inauma. Kama hamna haraka na mko Kowloon, basi A21 linapita Nathan Road yenyewe, mizigo inakaa kwenye rafu chini na watoto wanapanda juu mbele. Njia inapita daraja la Tsing Ma, kaeni upande wa kushoto au kulia mnavyopata. Jazeni kadi usiku uliotangulia, na mtoke na akiba ya muda, maana asubuhi Nathan Road haina haraka na mtu.