Seti ya chemchemi ya mezani: pampu inafaa, mabakuli yanatoka jasho

Seti ninayoizungumzia inauzwa katika duka moja la vyombo vya nyumbani Mlandege, mjini Unguja, kwa shilingi 45,000. Ndani ya boksi mna mabakuli matatu ya udongo uliochomwa, pampu ndogo ya kuzamishwa, mpira mwembamba wa kupitishia maji na mfuko wa changarawe nyeupe. Mnunuzi huyapanga mabakuli kwa ngazi, akaiweka pampu katika lile la chini, kisha akaupitisha mpira kwa nyuma hadi bakuli la juu, ambako maji huanza kuteremka kutoka bakuli moja hadi jingine na kurudi yalikotoka. Kazi hiyo haihitaji fundi.

Pampu ndiyo sehemu bora ya seti hii. Haipokei umeme wa ukutani moja kwa moja, bali hupitia adapta inayoushusha hadi volti 12, jambo la maana sana kwa kifaa kinachokaa majini na kuguswa na watoto. Ina swichi ndogo ya kupunguza kasi ya maji, na mlio wake hausikiki iwapo imezama vizuri. Lazima izame, kwa sababu maji yanayopita ndani yake ndiyo yanayoipoza, na ikizunguka kavu kwa muda huungua. Hapo ndipo ninapolilaumu bakuli la chini, ambalo kina chake ni kidogo mno: katika joto la kaskazi maji hupungua haraka, na mwenye nyumba akisahau kuyaongeza pampu hubaki nusu nje. Plagi yake nayo ina pini mbili za mviringo, hivyo kwa soketi zetu za pini tatu bapa itabidi kununua kiunganishi. Waya uachwe uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Kasoro kubwa imo katika mabakuli yenyewe. Kwa nje yamepakwa glezi, yaani utando laini kama kioo, ya kijani inayopendeza, lakini kwa ndani ni udongo mtupu. Kila aliyekulia katika nyumba yenye mtungi anajua kinachofuata: udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vitundu visivyoonekana, maji hupenya, na mtungi hutoka jasho ambalo likikauka huyapoza maji yaliyomo. Sifa hiyo ya mtungi ni balaa juu ya meza ya mninga. Glezi ya nje haizuii kitu, kwani kitako hakikupakwa, na ndiko maji yanakotokea. Vyombo vinavyochomwa kwa nyuzijoto 1,200 za Selsiasi na zaidi hukazana kiasi cha kutopitisha maji hata bila glezi, lakini hivi si vya aina hiyo, ingawa maandishi ya boksi yanajisifu kwa neno keramiki. Dawa niliyoitumia ni kupaka epoksi, gundi inayoganda na kuwa ngumu kama plastiki, ndani, mara mbili, na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kutia maji. Imefaa, lakini mtengenezaji ndiye aliyepaswa kuifanya kazi hiyo.

Anayetaka chombo cha hapa hapa anaweza kumwagiza mfinyanzi, na Pemba wapo kina mama wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi. Aelezwe mapema kwamba tundu la kupitishia waya na mpira litobolewe udongo ukiwa umeshikamana ila haujakauka, kwa sababu kulitoboa baada ya kuchoma ni kukaribisha ufa. Tundu liwe pana kidogo kuliko linavyohitajika, maana udongo hunywea unapokauka na kuchomwa, pengine kwa kadiri ya asilimia 10. Vyombo vya moto wa wazi navyo vinatoka jasho, kwa hiyo epoksi haiepukiki.

Karatasi ya maelezo haisemi lolote juu ya maji. Maji ya visima vyetu Unguja hupita katika mawe ya chokaa, na baada ya muda huacha ukoko mweupe kwenye glezi na ndani ya pampu. Juisi ya ndimu au siki huuondoa, lakini ni nafuu zaidi kukinga maji ya mvua wakati wa masika na kuyatumia hayo. Umeme ukikatika au chemchemi ikizimwa, maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu, ambao katika joto letu huweza kutoka yai hadi kuruka kwa muda unaokaribia wiki moja. Kwa hiyo yamwagwe yote na mabakuli yasuguliwe kila wiki.

Kuhusu sauti, sina lalamiko. Changarawe zikipangwa pale maji yanapoangukia, mlio huwa laini na meza hailowi. Zikiondolewa, maji hurukaruka hadi kwenye kitambaa.

Duka linakubali kuuza pampu, adapta na mpira peke yake kwa shilingi 20,000. Mwenye bakuli zito la kaure nyumbani, lenye kina cha kuifunika pampu, anunue hivyo tu na ayaache mabakuli yao rafuni.