Gemu ya diski au ya kupakua: ipi ni mali yako?

Kwa tuliopo Mtwara, mimi nasimama na diski. Baadhi ya gemu za PS5, mashine ya gemu ya Sony, hupita GB 100, na bando la kushusha mzigo huo linauma. Diski ukiichoka unamuuzia jirani wa Chikongola au mnabadilishana. Ukinunua iliyotumika, igeuze juani uone mikwaruzo kabla hujatoa hela.

Ya kupakua haikwaruziki wala haiibiwi kabatini, ila ulicholipia ni leseni; huwezi kuiuza. Duka pia hufungwa: Nintendo ilisitisha mauzo ya mtandaoni ya gemu za mashine zake za 3DS na Wii U Machi 2023.

Hata hivyo, kampuni ya Ubisoft ilipozima mwaka 2024 seva za The Crew, gemu ya magari isiyochezeka bila mtandao, wenye diski nao walikwama.