Ovaprim kwa kuzalisha kambale: nzuri sana, ila jike awe tayari

Kwa wale wanaozalisha vifaranga vya kambale na mpaka leo wanachinja samaki kutoa pituitari (kitezi cha homoni kilicho chini ya ubongo), aisee jaribuni Ovaprim, dawa ya homoni ya kuchoma ili jike aachie mayai. Kichupa cha ml 10, dawa imeshachanganywa, unavuta na bomba la sindano unachoma, hakuna kupasua vichwa wala kuhifadhi vitezi kwenye asetoni.

Nachoipendea ni inavyofanya kazi. Kambale wa bwawani mayai anatengeneza vizuri tu, tumbo linajaa, ila hatagi kwa sababu yale mafuriko ya masika anayoyasubiri hayaji, na ubongo unaendelea kutoa dopamini inayoizuia LH, homoni ya pituitari inayofanya mayai yakomae na kutoka. Sasa humo ndani kuna vitu viwili, homoni ya maabara inayofanana na GnRH ya samaki salmoni ambayo inaiamuru pituitari iachie LH, halafu domperidoni inaifungia dopamini njia, ndo maana sindano moja inatosha.

Dozi ni nusu ml kwa kilo ya jike. Nachoma kwenye nyama ya mgongo pembeni ya pezi, sindano imelala kidogo, nikichomoa nakandamiza na kidole dawa isirudi nje. Maji yakiwa nyuzi 25 hivi, baada ya masaa 10 mpaka 12 ukimbinya tumbo taratibu mayai yanamwagika yenyewe, maji ya baridi subiri zaidi.

Ila msidanganywe kwamba kila jike atataga. Dawa haitengenezi mayai, inayamalizia kukomaa na kuyaachia tu, kwahiyo jike ambaye tumbo halijalainika unamchoma bure na bei yenyewe si ya kuchezea. Dume bado unamchinja, maana ukimkamua mbegu hazitoki.

Wenzetu wa Uhispania na Ureno wanaofuga gayogayo, wale samaki bapa macho yote upande mmoja, wana kazi ngumu zaidi: jike akichomwa GnRH anataga, ila dume aliyezaliwa kwenye matangi hamchumbii, mayai yanatoka bila kurutubishwa. Watafiti wamechukua jeni za LH na FSH (homoni nyingine ya uzazi ya pituitari) za gayogayo mwenyewe, wakazalishia homoni maabara, wakamchoma dume na mbegu zikaongezeka. Natamani sana kitu kama hicho kije kwa kambale dume, tuache kuwachinja.

Ukinunua soma tarehe kwenye lebo kwanza, kuna duka niliuziwa kichupa kilichopitwa na muda.