Tulikodi kreni ya tani 100 kunyanyua mzigo wa tani 6

Mwezi Julai tulipandisha mitambo miwili ya kupoza hewa juu ya paa la jengo la ghorofa sita Upanga, Dar es Salaam. Kibati cha kila mtambo kilisomeka tani 6.2. Mimi ndiye msimamizi wa saiti, kwa hiyo kazi ya kutafuta kreni ilikuwa yangu. Bosi alipoona bei ya kreni ya tani 100 aliniuliza: "Mzigo wa tani sita, winchi ya tani mia ya nini?" Nilimjibu siku ile kwa kifupi. Hapa namjibu kwa kirefu, maana najua wasimamizi wenzangu wengi wanaulizwa swali hilohilo na wengi hukubali kushushiwa ukubwa wa kreni.

Nianze na kilichonifundisha. Miaka mitatu iliyopita, kwenye ujenzi wa ghala moja njia ya Pugu, tulikodi kreni kwa simu. Mtu wa upande wa pili aliuliza mzigo una tani ngapi, nikamwambia tatu, akasema ya tani 25 inatosha kabisa. Tukamaliza. Siku ya kazi, tukipandisha kenchi ya nne, kengele ya kifaa cha kupima mzigo ikaanza kulia ndani ya kibanda cha opareta. Niliisikia mwenyewe. Opareta akazungusha ufunguo, kengele ikanyamaza, akaendelea kunyanyua. Haikupita muda mguu mmoja wa kreni ukazama kwenye kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri, kreni ikalala upande, kenchi ikagonga nguzo na kupinda. Vijana wawili walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka pale. Hakuumia mtu. Lakini ile kengele ilipokatika nilipaswa kusimamisha kazi, na sikufanya hivyo. Bado linanikaa moyoni.

Safari hii niliuliza bei kampuni tatu. Mbili zilinitumia bei ya kreni ya tani 50 siku hiyohiyo bila kuja. Ya tatu ilikataa kutaja bei mpaka wafike. Walikuja wawili: dada mmoja injinia, na mzee wa Kitanga anayeongoza wafunga mizigo, ambaye alianzia kazi hii kwenye winchi za bandarini. Walikaa pale saa mbili na zaidi. Dada alipima kwa kifaa cha mwanga umbali kutoka barabarani hadi sehemu ambapo mitambo ingekaa juu ya paa, akapiga picha nyaya za umeme zinazopita upande wa mashariki, akaomba michoro ya mifereji ya chini. Mzee yeye alizunguka uani akigongagonga sakafu kwa fimbo ya nondo.

Michoro haikuonyesha kitu. Aliyetusaidia ni mlinzi, mzee aliyekuwepo tangu jengo la zamani halijavunjwa. Alipoona mzee mwenzake anagonga sakafu akasogea, akamwamkia, akasema, "Hapo, kaka yangu, palikuwa na karo." Tukavunja kipande cha sakafu. Karo lilikuwepo, shimo la zamani la maji machafu, tupu, limefunikwa kwa zege lenye unene wa kiganja. Mguu mmoja wa kreni ungekaa hapo hapo.

Hapo ndipo swali la bosi linapata jibu. Kreni inayoitwa ya tani 50 hunyanyua tani 50 pale tu mzigo ulipo kama mita tatu kutoka katikati yake, na mkono ukiwa mfupi. Kadiri unavyoupeleka mzigo mbali ndivyo uwezo unavyoporomoka, na jedwali la mzigo la kila kreni linaonyesha hivyo mstari kwa mstari. Mpango wa kwanza ulikuwa umbali wa mita 16. Karo likatulazimisha kurudi nyuma hadi mita 18. Kwenye umbali huo, na mkono mrefu wa kutosha kuvuka ukuta wa paa, jedwali la kreni ya tani 50 waliyokuwa nayo lilitoa tani 5.6. Mtambo peke yake ni tani 6.2! Ongeza ndoano na kapi zake, ongeza boriti ya chuma ya kunyanyulia, mikanda na pingu zake, jumla inafika tani 7.2. Kreni ya tani 100, kwa umbali uleule, ilitoa tani 11.8. Yaani tulikuwa tunatumia asilimia 61 ya uwezo wake. Zile kampuni mbili zilizotuma bei bila kuja zingeleta kreni ambayo, tangu inafunga mzigo, kengele ingekuwa inalia. Na mimi najua baadhi ya maopareta huifanya nini kengele.

Kuhusu ardhi niseme zaidi kidogo, maana ndiko watu wengi tunakopuuza. Dada alinipigia hesabu kwenye karatasi: mzigo ukizungushwa upande mmoja, mguu wa upande huo unaweza kubeba kama tani 40. Sahani ya mguu ikiwa na upana wa nusu mita kwa nusu mita, hizo ni sawa na tani 160 kwa mita ya mraba. Lami ya mtaani haiwezi. Ukiweka chini yake jukwaa la mbao nene la mita mbili kwa mbili, zinabaki tani 10 kwa mita ya mraba. Ni mbao tu, lakini zimebadilisha kila kitu. Walikuja na majukwaa manne yao wenyewe na sahani za chuma. Yule wa Pugu aliweka vipande vya mirunda.

Kibali cha kufunga barabara tulikishughulikia sisi kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kwa polisi wa usalama barabarani, tukapewa Jumapili hadi saa sita mchana. Cheti cha ukaguzi wa kreni cha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na vyeti vya opareta walileta bila kuombwa.

Jumapili yenyewe ilianza vibaya. Kreni ilifika saa kumi alfajiri kama walivyoahidi, lakini lori lililobeba vizito vya nyuma, vinavyoizuia kreni isipinduke, lilichelewa saa moja na nusu. Bila vizito hivyo kreni haiwezi kitu. Barabara imefungwa, polisi wamelipwa posho, watu ishirini wamesimama, na hakuna aliyenieleza lolote mpaka nilipouliza mwenyewe. Hili nililiandika kwenye barua yangu kwao na naliandika hapa pia. Kampuni inayopima ardhi kwa makini kiasi kile haina sababu ya kushindwa kupiga simu.

Baada ya hapo, nilichokiona kilinituliza. Mzee alikagua mikanda mmoja mmoja akipitisha vidole kwenye kingo, akautupa pembeni mmoja wa rangi ya kijivu, wa tani nne, kwa sababu ya mkato usiozidi ukucha. Alifunga mtambo kwa boriti ili mikanda ishuke wima. Nilipomuuliza kwa nini asifunge moja kwa moja kwenye ndoano, ingekuwa haraka zaidi, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, mikanda miwili ikisimama vizuri inagawana mzigo. Ikilala, kila mmoja anabeba kama yuko peke yake." Ni kweli kabisa kihesabu. Mkanda ukiwa na nyuzi 30 tu kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja wa ile miwili hubeba uzito wote. Tena mikanda iliyolala ingebana kuta za mtambo na kuponda mapezi ya kupozea, na mtambo wenyewe ungefika juu umekwisha haribika.

Mtoa ishara alikuwa mmoja, mwenye fulana ya rangi tofauti, na redio moja kwa opareta. Lakini kabla ya kuanza dada alituambia wote, hadi mlinzi, kwamba ishara ya kusimamisha inaweza kutolewa na yeyote, na opareta ataitii bila kuuliza. Mtambo ulinyanyuliwa sentimita 20, ukaachwa hewani dakika tano huku wakiangalia miguu na mikanda, ndipo ukapanda. Saa mbili kasoro ulikuwa umekaa kwenye vitako vyake.

Wa pili haukupanda siku ile. Julai ni kusi, na kuanzia saa tatu upepo wa Dar huamka. Kipimo kilichofungwa ncha ya mkono wa kreni kilifika mita 11 kwa sekunde, na kikomo cha kazi kilikuwa 9.8. Mtambo una kuta pana, hewani ni kama tanga la jahazi. Fundi wa mitambo alitaka tuendelee, kibali kilikuwa kinaisha, na nakiri nami nilitamani. Dada alikataa. Tulisubiri hadi saa tano na nusu, upepo haukushuka, wakakunja mkono wa kreni.

Tulirudi Jumapili iliyofuata, na hapa ndipo tulipovutana nao. Mkataba unasema hasara ya upepo ni ya mteja, nami niliusaini. Lakini walinitoza siku nzima kwa kazi iliyokwisha kabla ya saa mbili asubuhi. Naona nusu siku ingekuwa haki, hasa baada ya lori lao kuchelewa wiki iliyotangulia. Walipunguza kidogo tu. Kwa jumla tulilipa zaidi ya mara mbili ya bei za zile kampuni mbili ambazo hazikuja kupima, na anayetaka kuwakodi miezi ya kusi aweke kwenye bajeti siku ya ziada tangu mwanzo, kisha aombe kipengele cha kusubiri kiandikwe kwa saa, kisiwe kwa siku.

Novemba tuna jenereta ya tani 9 ya kuingiza kwenye uwanja uleule wenye karo. Nimeshawaita waje kupima.

Kreni ilipoondoka siku ile ya pili nilibaki kidogo na mlinzi. Vijana walikuwa wanapakia majukwaa ya mbao. Nilikwenda pale mguu wa upande wa jengo ulipokuwa, nikapiga goti, nikapitisha kiganja juu ya lami. Ilikuwa bapa.