Malazi ya likizo kisiwani: chagua upande wa kisiwa kwanza, chumba baadaye

Wengi huanza kwa kutazama picha za vyumba. Hapo ndipo likizo inapoharibikia, maana chumba kizuri kikiwa upande usiofaa, katika mwezi usiofaa, utakaa wiki nzima ukiitazama bahari bila kuiingia. Anza na ramani, kisha kalenda. Chumba ni jambo la tatu.

Katika ukanda wa tropiki, upepo wa kawaida hutoka mashariki: kaskazini-mashariki kwa visiwa vilivyo juu ya ikweta, kusini-mashariki kwa vilivyo chini yake. Kwa hiyo pwani ya mashariki ndiyo hupigwa na mawimbi, na kisiwa kikiwa na milima, mvua nayo huangukia huko. Kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, mji wa Hilo ulio mashariki hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Kona, upande wa pili wa milima, ni kukavu. Barbados ni hivyohivyo: Bathsheba, mashariki, ni mahali pa watu wa kuteleza juu ya mawimbi, na pwani ya magharibi ndiyo ya kuogelea. Mauritius, kuanzia Juni hadi Septemba, tafuta magharibi au kaskazini. Kwenye Karibi kuna sababu nyingine tena: tangu 2011 mwani wa sargasamu husukumwa ufukweni kwa wingi katika miezi ya joto, hasa kwenye fukwe zinazoelekea mashariki, na ukioza hunuka vibaya.

Penye pepo za msimu hesabu hubadilika. Pwani ya magharibi ya Phuket, kisiwa cha Thailand, huchafuka kati ya Mei na Oktoba na mikondo yake huua watu, ilhali Koh Samui, katika nchi hiyohiyo, hupata mvua kubwa kati ya Oktoba na Desemba. Bali, kuanzia Desemba hadi Februari, fukwe za magharibi kama Kuta hujaa takataka zinazoletwa na bahari. Usiulize kama kisiwa kina msimu mzuri. Uliza ni pwani ipi iliyo na kinga katika mwezi wako.

Kisha maji kupwa na kujaa. Hili ndilo linalowashangaza wageni kuliko yote, kwa sababu picha za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mamia ya mita hadi karibu na mwamba, na kubaki mchanga, mwani na vidimbwi. Ni pazuri kwa kutembea, ila si pa kuogelea. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaweza kuogelea karibu saa zote. Tazama jedwali la maji la tarehe zako kabla ya kulipa. Saa za kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo maji yanayopwa saa sita mchana leo, baada ya wiki yatapwa karibu na saa kumi na mbili jioni. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua, na hapo maji hurudi mbali zaidi.

Ukishajua upande, huu ndio mpangilio wetu kwa mtu anayekwenda kwa wiki moja.

La kwanza: hoteli ndogo ya ufukweni, ya vyumba kama 10 hadi 30, iliyo umbali wa kutembea kwa miguu hadi kijijini. Chakula si lazima ule hapohapo, na boti unaweza kukodi bila kupitia mapokezi. Udhaifu wake ni umeme na maji, na tutaurudia.

La pili: nyumba ya kupanga, mkiwa wanne au zaidi na mkilala angalau siku tano. Chini ya hapo, ada ya usafi hugawanywa kwa siku chache mno na faida yote huisha. Hakikisha kuna mtu anayeishi karibu wa kuitwa pampu ikikataa.

La tatu: hoteli kubwa ya bei ya milo yote. Ina maana mkiwa na watoto wadogo, au kisiwa kikiwa na hoteli moja tu. Kwingineko kote, utalipia milo ya siku ambazo utakuwa matembezini.

La nne: nyumba ya wageni mjini, karibu na bandari. Ni nafuu na inafaa usiku wa kwanza na wa mwisho, ila si wiki nzima.

La tano: vyumba vilivyojengwa juu ya maji. Bei yake ni ya juu kuliko zote, kivuli ni kidogo, na ukiwa na mtoto anayetambaa usithubutu. Kama moyo unavitaka, chukua siku mbili za mwisho tu.

Kabla ya kutuma pesa, andika maswali haya na upate majibu kwa maandishi: Jenereta huwaka saa ngapi, na je, inabeba viyoyozi au taa peke yake? Maji ya bafuni ni ya kisima chenye chumvi au ya tangi, na tangi likikauka hujazwa na nani? Madirisha yana wavu, na chandarua kinafunika kitanda chote? Kuna ujenzi jirani? Hili la mwisho thibitisha mwenyewe kwa kusoma maoni ya wageni ya miezi mitatu iliyopita, tena yale ya nyota tatu, kwani ndiyo hutaja mambo kwa undani.

Hesabu pia safari ya kutoka uwanja wa ndege. Maldives, ndege zinazotua majini huruka mchana tu, hivyo anayefika jioni hulala karibu na Male, mji mkuu, kwa gharama zake. Feri nazo huahirishwa bahari ikichafuka. Siku ya kuondoka, usipange feri na ndege ya kimataifa siku moja kama kisiwa kina boti moja tu kwa siku.

Kuhusu malipo, kubali malipo ya awali ya asilimia 20 hadi 30, na soma sharti la kughairi kwa makini msimu wa vimbunga: Juni hadi Novemba kwenye Karibi, Novemba hadi Aprili kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ukifika, kabla ya kufungua mizigo, fungua bomba, washa kiyoyozi kwa dakika kumi, kagua chandarua. Kasoro ikisemwa saa hiyo, chumba kingine hupatikana. Ikisemwa siku ya tatu, vingine vimeshajaa.