Kliniki ya sukari na presha: foleni ndefu, dawa zinakata, ila usingizi wanauuliza

Naongelea kliniki ya sukari na presha ya hospitali moja ya serikali hapa Dar, inakaa mara moja kwa wiki. Jina siweki maana nina ya kusifia na ya kulalamika, sitaki mtu asumbuliwe kazini kwa ajili ya maneno yangu. Nampeleka mama pale, ana vyote viwili, na kabla ya hapo tumezunguka sana sehemu za kulipia. Kama una mzazi ana sukari au presha na usiku halali, tafuta kliniki ya namna hii hata kama foleni itakuchosha.

Kilichonikamata ni nesi anayepima presha. Akishamaliza, kabla hajaandika kwenye daftari anauliza, "Bibi, usiku unalalaje?" halafu anatulia asikilize, hamkimbizi mtu. Kule kwingine wanapima, wanaandika dawa zilezile, rudi mwezi ujao. Basi mama akaanza kumwaga yote, naamka kukojoa kila saa mwanangu na choo kiko nje, mdomo unakauka, nikirudi kitandani miguu inawaka kama imepakwa pilipili, adhana ya alfajiri inanikuta macho. Mengine hata sisi nyumbani alikuwa hajawahi kutuambia.

Na kila kitu kilikuwa na sababu yake. Sukari ikizidi kwenye damu figo zinaitoa kwa mkojo na maji yanaifuata, ndo maana mtu anakojoa mno na kiu haimuishi. Juu ya hapo kwenye dawa zake za presha kuna ile ya kutoa maji, inayokojoza, alikuwa anaimeza usiku na chakula kwa sababu hakuna aliyemwelekeza vingine, dokta akaihamishia asubuhi, hapo hapo, bila gharama yoyote. Miguu kuwaka ni mishipa ya fahamu imeathirika na sukari na usiku ndo inachachamaa, akaandikiwa amitriptyline dozi ndogo, wengi wanaijua kama dawa ya sonona ila inatumika pia kwa maumivu ya aina hii, na kabla ya kumpa wakamuuliza kwanza kuhusu moyo na macho, nikaona hawa wako makini. Sasa hivi analala. Sio usiku kucha lakini analala, na sukari nayo imeanza kukaa sawa.

Jamani hili la usingizi linaniuma sana, maana huku mtaani mtu mzima asipolala anaambiwa ni uzee au mawazo, anatumwa mtoto dukani alete piritoni. Piritoni ni ya mzio na mafua, inalewesha tu, na mzee akiamka nayo gizani kwenda chooni anapata kizunguzungu anaanguka, nyonga ikivunjika hapo ni habari nyingine. Wengine wanapewa Valium bila cheti, hiyo mwili unaizoea na kuiacha ni shughuli. Kuna utafiti ulitoka 2012, waliulizwa watu zaidi ya 40,000 wa miaka 50 na kuendelea kwenye nchi 8 za Afrika na Asia, Tanzania na Kenya zikiwemo, na karibu mtu 1 kati ya 6 alisema ana shida kubwa ya usingizi, na vilivyoambatana nayo zaidi ni sonona na wasiwasi. Wengi walikuwa watu wa vijijini kabisa, kwa hiyo tusiseme kukosa usingizi ni mambo ya wenye pesa na simu zao. Na vinavutana, usipolala presha inapanda na sukari inakuwa ngumu kushuka, sukari ikipanda unarudi kuamka usiku.

Kuna mzee mmoja pale kwenye benchi presha yake haishuki na vidonge anameza vizuri tu. Mkewe ndo aliyesema, huyu anakoroma mpaka pumzi inakatika, kimya, halafu anashtuka kama anazama. Dokta akamwita mke ndani aeleze vizuri. Hiyo pumzi kukatika usingizini yenyewe inapandisha presha, na mgonjwa mwenyewe hajui maana amelala! Walimwambia apunguze mwili, aache pombe za jioni, alale ubavu, wakampa rufaa, kwa sababu kipimo cha usingizi na mashine ya kusukuma hewa pale hakuna.

Sasa malalamiko. La kwanza, namba zinatolewa alfajiri, kwa hiyo mtu ambaye shida yake ni usingizi anaamshwa saa kumi usiku awahi daladala, hili kweli linanikera, wangegawa watu kwa masaa. La pili, wanaambiwa waje bila kula ili wapimwe sukari ya asubuhi, halafu wanapimwa saa nne. Aliyechoma insulini au kumeza kidonge chake nyumbani anaanza kutetemeka na jasho linamtoka kwenye benchi, sukari imeshuka, na hiyo ni hatari ya papo hapo. Watangaze mapema kwamba dawa ya sukari usitumie kabla hujapimwa na kula. La tatu dawa, dirisha la wazee lipo na wahudumu wana heshima zao, ila amitriptyline mara nyingi wanasema imeisha, tunaenda kununua nje.

Mkienda, dawa zote anazotumia mzazi wekeni kwenye mfuko mwende nazo, na za mitishamba pia, wanaziangalia moja moja na saa anazomeza. Aende na mtu anayelala naye chumba kimoja. Bebeni chai na mkate, akishapimwa tu ale.

Tarehe yetu nyingine ni mwezi ujao, nitauliza kama ile ya miguu imeingia dirishani, nikipata jibu nitaongezea hapa.