Famasi ya Keko: nilifuata vidonge, nikaulizwa nafanya kazi gani

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana, nitaeleza huko mbele.

Famasi yenyewe ni chumba kimoja, mitaa miwili kutoka kwenye karakana zetu za samani hapa Keko, Dar es Salaam. Bango limepauka, jina halisomeki, sisi mafundi tunaiita tu "kwa dada wa miwani". Dirisha lina nondo, na feni iliyopo inapepea friji ya dawa, wateja mtajijua. Ukipita haraka utadhani wanauza vocha.

Tangu tumzike kaka yangu nilikuwa silali. Chakula hakipiti, mteja akinipigia simu naiangalia inalia mpaka inakata. Mke wangu akanisukuma hospitali, nikaandikiwa amitriptilini, dawa ya huzuni inayoleta na usingizi, miligramu 25, kimoja usiku. Dirishani nikapewa bahasha ya kaki imeandikwa "1×1 usiku", basi. Hospitali siitaji, na aliyenipa hakuinua hata uso. Nikameza mwezi mzima. Vilipoisha ndipo nikaenda kwa dada wa miwani na cheti changu kuongeza.

"Vinakusaidia, baba?"

Nikamwambia havina lolote. Usingizi unakuja, lakini saa tisa usiku unakatika, na asubuhi kichwa kama kimejazwa maranda. Alikuwa anahesabu vidonge kwenye trei, tano tano, kwa kile kisu kidogo cha plastiki. Akauliza bila kuacha kuhesabu:

"Unafanya kazi gani?"

Nimepita kwa watu wanne wenye koti jeupe tangu msiba, hakuna aliyeniuliza hilo. Nikasema seremala.

"Wa mkono au wa mashine?"

Mashine. Hapo akaacha kuhesabu.

"Na bia je?"

Nikajibu kama tunavyojibu wote: moja tu. Ijumaa tukishalipana. Na Jumanne, mpira ukiwepo.

Kabla sijajua namsimulia habari ya Jumamosi iliyopita, ambayo hata nyumbani sikuisema. Nilikuwa napasua ubao wa mninga wa kitanda cha tano kwa sita, kazi ninayoweza kuifanya huku naongea na simu. Nasukuma ubao kwa kile kijiti, nasikia mashine kwa mbali kama iko kwa jirani. Dogo wangu akapiga kelele. Kutazama, kijiti kimekatwa ncha, na mkono wangu unaendelea kwenda. Niliuvuta ukiwa umebaki upana wa vidole viwili. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekunywa bia moja. Moja, kweli, mashahidi wapo.

"Moja ya ukubwa gani?"

Ya kawaida, mililita 500. Akachana kipande cha boksi akaandika kwa kalamu nene, nami ninacho mpaka leo kwenye droo ya misumari. Mililita 500 kwa asilimia 5 ni mililita 25 za kilevi kitupu, uzito kama gramu 20. Ini la mtu linasafisha gramu 7 mpaka 10 hivi kwa saa. "Ukimaliza chupa saa mbili, ukameza kidonge saa tatu, vimekutana ndani." Nikamuuliza kuhusu ile Konyagi ndogo ya mililita 200 anayoitumia jirani yangu wa karakana. Akaandika asilimia 35, akapiga hesabu, ikatoka gramu 55 hivi. Tulipopigiwa marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, mwaka 2017 huyu jirani alilalamika sana, sasa naona alihamia kwenye kitu kikubwa zaidi.

Kisha akanieleza kinachotokea kichwani, na hapa ndipo nyota zake tatu za kwanza zilipotoka. Ubongo una kemikali ya breki, inaitwa gaba, na una ya kuchochea, glutameti. Pombe inakaza breki na kumpunguza nguvu mchochezi. Kidonge changu chenyewe hakipiti njia hiyo. Kinaziba histamini, ambayo kichwani ni kama mlinzi wa usiku, kazi yake kuuweka ubongo macho. "Sasa wewe umeshika breki, halafu umemlaza na mlinzi." Juu ya hapo, pombe ikiwepo ini halikichuji kidonge kama siku nyingine, kwa hiyo kinachofika kwenye damu kinakuwa kingi kuliko siku uliyomeza kile kile bila bia.

Nikabisha. Nikamwambia mimi bia moja hainigusi, sijawahi kupepesuka kwa bia moja tangu ujana.

"Hutalewa, baba. Utachelewa."

Nilicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa kwenye ule msumeno. Sikuwa nimelewa hata kidogo. Nilikuwa nyuma ya mkono wangu mwenyewe kwa sekunde moja.

Na zile saa tisa za usiku? Nilikuwa nailaumu dawa. Kumbe pombe inakulaza mapema, halafu ikishaanza kuisha mwilini ubongo unaamka kama umepigwa kengele, na usingizi wa nusu ya pili ya usiku unakuwa vipande vipande. Ijumaa na Jumanne nilikuwa naibomoa kazi ya dawa kwa bia, Jumatano nanung'unika kwamba dawa ni feki. Akaniambia pia kwamba kizunguzungu changu cha kwenda msalani usiku, kile cha kushika ukuta, ni dawa inashusha presha ukiinuka ghafla, na pombe inaishusha zaidi. Nikae kwanza kitandani, miguu chini, ndipo nisimame.

Mimi ni fundi, natafuta njia ya mkato. Nikauliza: basi siku ya bia niruke kidonge? Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Nusu ya hiki kidonge inabaki mwilini siku nzima hivi, kwa hiyo hata ukiruka, kipo. Na ukizoea kuruka-ruka, usingizi unaharibika upya, kichwa kinauma, kichefuchefu juu. Akasema nikiona dawa hainifai nirudi kwa daktari, nisijipangie.

Akauliza ninameza nini kingine. Nikataja Piriton, maana vumbi la mbao linanipa mafua kila wiki. Akaguna. Kumbe nayo inamlaza mlinzi yule yule! Sisi Piriton tunapeana kama pipi. Akaniuliza kwa sauti ya chini (mara pekee aliposhusha sauti) kama kuna mtu amenipa Valium, vile vidonge vya kutuliza. Kuna mtu aliwahi kunipa, wakati wa matanga. Hiyo akasema inakaza breki ile ile ya pombe, na vikiwa pamoja vinaweza kumpunguzia mtu pumzi akiwa amelala, na Valium haiishi siku moja.

Kinachonishangaza ni kwamba Flagyl kila mtu anajua haichanganywi na pombe. Hata muuza baa atakuuliza, "uko kwenye dozi?" Lakini dawa za huzuni na za usingizi, zinazofanya kazi kichwani kwenyewe, hakuna anayekuonya, labda kwa sababu hakuna anayesema kwamba anazitumia.

Na hilo linanileta kwenye nyota niliyoibana. Maongezi yote haya tumeyafanya dirishani, dakika kumi na tano, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu sita. Dada anaongea kwa sauti ya kushindana na pikipiki za barabarani. Alipofika kwenye "dawa za huzuni", kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe mzee una stresi," na watu wakacheka. Mimi nilivumilia kwa sababu nina miaka 49 na nimeshazika. Mwenye miaka ishirini angeondoka bila vidonge. Pale pembeni pana kona wameweka makreti matupu ya soda. Wayatoe, waweke stuli mbili na pazia. Stuli nitawatengenezea mimi, bure, nimeshamwambia.

Mengine ni madogo. Mashine ya presha haina betri tangu nianze kwenda. Vidonge 30 nililipa shilingi 3,000, bei sina ugomvi nayo, ni chini ya bia mbili. Juu ya boksi aliandika kwa kalamu ile ile nene USINYWE NA POMBE, na chini yake MSUMENO, akakipigia mstari mara mbili.

Sasa ni wiki ya sita. Ijumaa nakunywa tangawizi, na wenzangu wamechoka kunitania. Naamka saa kumi na moja, siyo saa tisa. Mdomo bado unakauka kama nimelamba msasa, hilo limebaki, natembea na chupa ya maji. Kaka bado namkumbuka, ila simu za wateja napokea.

Mkienda, nendeni kabla ya saa kumi jioni, karakana zikifunga foleni inafika barabarani. Alhamisi dada wa miwani hayupo, anakaa kijana mwingine, mpole tu, lakini yeye anahesabu vidonge kimya kimya.